Bodi bila mshahara, kijana bila kihamba

MJUMBE wa bodi ya chama cha msingi cha kahawa hana mshahara. Anayo posho ya kikao, kiasi kile ambacho mkutano mkuu umeridhia kwenye makisio, na mara nyingi huishia kwenye nauli ya kushuka Moshi mjini na kupanda tena Kibosho, Machame au Marangu. Kazi ni ya kujitolea. Lakini fedha anazozisimamia ni jasho la majirani zake la msimu mzima, na sheria ya ushirika inamruhusu Mrajis kumtoza yeye binafsi hasara iliyotokana na uzembe wake.

Kazi hiyo ilizidi uzito mwaka 2018, pale serikali ilipoagiza kahawa yote ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia vyama vya ushirika. Tangu soko huria la mwaka 1994 mkulima aliyechoshwa na chama chake aliweza kumwuzia mnunuzi binafsi aliyefika kijijini na mzani wake. Sasa bodi ikikosea hesabu, hasara inawafuata wanachama wote hadi majumbani.

Mlimani jambo hili si geni. Chama cha wapanda kahawa wenyeji, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925 kikiongozwa na Joseph Merinyo, mtu aliyesoma shule ya misheni na kufanya kazi ofisini kwa Charles Dundas, ofisa tawala wa Moshi. Walowezi hawakutaka Mwafrika alime kahawa, na aliyehitajika wakati huo ni mtu wa kuandika barua, kutunza daftari na kujibu hoja za serikali. Mwaka 1933 KNCU ilichukua nafasi ya chama hicho. Miaka minne tu baadaye, bei ikiwa chini na wakulima wakitakiwa kuuza kupitia KNCU peke yake, zilizuka ghasia. Mkulima asiyeelewa fedha yake imekwenda wapi hakuanza kukasirika leo.

Je, kijana mwenye shahada ya uhasibu ana faida gani kwenye bodi? Chukua mfano. Chama kimepeleka kiwandani kilo 20,000 za kahawa ya maganda. Ikikobolewa, kahawa safi hupatikana kwa kiasi cha asilimia 80 hivi, kutegemea ilivyomenywa na kukaushwa. Tuseme taarifa ya kiwanda inaonyesha asilimia 78, wakati kahawa ya chama kwa kawaida hutoa 81. Tofauti ya asilimia tatu inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini hizo ni kilo 600. Mnadani, ambako bei hutajwa kwa dola kwa kila kilo 50, bei ikiwa dola 150 chama kimepungukiwa dola 1,800.

Huenda hakuna aliyeiba. Pengine kahawa iliingizwa ghalani ikiwa na unyevu, au wengine walichanganya buni zilizoshambuliwa na wadudu. Lakini lazima awepo mtu wa kuuliza, tena aulize kabla ya malipo ya pili kupangwa. Mtu huyo huyo ndiye atakayesoma makato moja moja: usafiri, magunia, kukoboa, ushuru wa halmashauri, gharama za chama, na lile linalopitwa haraka kuliko yote, riba ya mkopo uliotumika kutoa malipo ya awali. Kahawa ikikaa ghalani miezi miwili zaidi, riba inaendelea kula. Ndiyo maana ukomo wa madeni unaopitishwa na mkutano mkuu usipigiwe makofi tu.

Vijana wa kazi hiyo wapo. Moshi yenyewe ina chuo cha ushirika tangu mwaka 1963, ambacho mwaka 2014 kilikuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wahitimu wanakutana mjini, wanabadilishana namba za simu na habari za nafasi za kazi, wengine wanakaa kwenye kamati za vikundi vyao bila kulipwa hata senti. Kwa nini basi hawaonekani kwenye bodi za vijijini kwao?

Jibu liko kwenye kihamba. Ili ugombee bodi lazima uwe mwanachama, na ili uwe mwanachama wa chama cha kahawa lazima uwe na kahawa. Kihamba ni cha baba mpaka atakapokigawa, na kwa desturi ya Kichagga mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio hufikiriwa, wa katikati ajitafutie. Binti hatajwi kabisa, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa na kaka yake. Matokeo yake, namba ya uanachama inabaki kwa mzee wa miaka 75 ambaye hawezi tena kusoma taarifa ya mnada bila miwani ya jirani.

Njia ipo, na haihitaji kugawa urithi mapema. Mzee anaweza kumkatia mwanawe mistari michache ya kahawa, hasa ile iliyopandwa miche mipya ya TaCRI Lyamungu inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kijana alipe kiingilio, anunue hisa, auze kilo zake kwa namba yake mwenyewe. Masharti ya chama yakikataa, mkutano mkuu ndio wenye uwezo wa kuyabadili.

Kuna na suala la tarehe. Mkutano ukiitishwa Jumatano ya mwezi Mei, wasomi wako Dar es Salaam na Arusha kazini. Desemba wanapanda mlimani wote, migomba inajaa magari. Wiki hiyo ya Krismasi watu hukaa siku nne wakila na kunywa mbege. Chama kikiomba asubuhi moja tu, taarifa ya ukaguzi ikiwa imebandikwa ghalani wiki mbili kabla, bodi itapata maswali ambayo haijawahi kuulizwa.