Homa ya Ini na Tuhuma Zinazovunja Nyumba

Barua imetufikia kutoka Bondeni, Nakuru. Aliyeiandika ni mke kijana, mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa huko bara miaka mitatu iliyopita. Alipokwenda kliniki ya wajawazito alipimwa damu, akarudishiwa kadi yenye maneno machache: ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuna aliyeketi naye akamweleza maana yake. Jioni mumewe aliisoma kadi, akasikia kwa rafiki kwamba maradhi hayo huambukizwa kama ukimwi, na tangu usiku ule hawalali chumba kimoja. Mavyaa yake amemtengea sahani na kikombe. Anatuuliza: je, anastahiki kuachwa kwa jambo asilolitenda?

Suala la talaka lina wenyewe, nao ni makadhi na masheikh. Suala la damu lina jibu la kitabibu, na kila nyumba yafaa ilijue kabla kadi kama hiyo haijaingia mlangoni.

Homa ya ini ni kuvimba kwa ini. Isichanganywe na homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu. Ini huweza kuvimba kwa pombe, kwa dawa zilizozidishwa kipimo, au kwa sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu wenye aflatoksini. Nasi tununuao mahindi ya Bonde la Ufa kwa magunia tusiyafungie stoo yangali na unyevu. Hata hivyo, mara nyingi kiletacho maradhi haya ni virusi, navyo vimepewa herufi tano: A, B, C, D na E.

A na E hupita katika maji na chakula kilichoingiwa na uchafu wa choo. Katika mitaa kama Kaptembwa na Rhonda, ambako vyoo vya shimo vimesongamana na nyumba, maji ya kunywa ni ya kuchemshwa, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa kawaida mgonjwa hupona mwenyewe kwa mapumziko na vinywaji vya kutosha. Mjamzito ndiye wa kuhofiwa: aina ya E humshika vibaya, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na mlipuko wa mwaka 2012 katika kambi za wakimbizi za Dadaab uliwaua akina mama waliotoka kujifungua.

B ni habari nyingine. Hii hukaa katika damu na majimaji ya mwili, na inaweza kukaa miaka thelathini bila mwenye nayo kuumwa hata siku moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa wakiishi nayo. Na hapa ndipo penye jibu la dada yetu. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamaye wakati wa kuzaliwa, virusi hubaki mwilini mwake kwa watoto kama 90 katika kila 100. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake huvifukuza wenyewe, na wanaobaki navyo hawafiki 5 katika 100. Kwa hiyo wengi waishio na B walivipata wakiwa wachanga au watoto wadogo, kabla hawajajua hata jina la ndoa.

Hatukatai kwamba tendo la ndoa ni njia mojawapo. Ni kweli, na ndiyo maana mume naye apimwe. Lakini kadi ya kliniki haisemi virusi viliingia lini wala kwa njia gani. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya B mwishoni mwa mwaka 2001, katika sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo kwa kawaida hakupata kinga hiyo utotoni, na hao ndio wengi wa wake na waume zetu wa leo. Tena virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Wembe mmoja ulionyoa vichwa viwili, kisu cha ngariba kilichopita kwa watoto kadhaa, sindano ya kutogea masikio, wembe wa mpiga chuku: yote hayo tumeyaona majumbani mwetu, na hatukumtuhumu mtu. Inatushangaza kwamba tuna wepesi wa kumdhania mke uchafu kuliko kuudhania wembe. Anayeijua Surat An-Nur anajua uzito wa kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi.

Ile sahani iliyotengwa irudishwe kabatini pamoja na nyingine. B haiambukizwi kwa kula pamoja, kwa kushikana mikono wala kwa kukumbatiana. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha ndivyo visivyofaa kushirikiwa.

Mtoto atakayezaliwa anakingika. Apewe chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na ikipatikana, sindano ya kingamwili pamoja nayo, kisha amalize chanjo zake za kawaida. Mama mwenye virusi vingi katika damu huweza kupewa tenofoviri wakati wa ujauzito ili asimwambukize. Kunyonyesha kunaruhusiwa. Mume asiye na virusi wala kinga achanjwe sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita.

Mwenye B huangaliwa mara kwa mara, kwani maradhi haya yakiachwa huweza kulifanya ini liwe gumu kwa makovu au lishikwe na saratani. Wengine huhitaji vidonge kwa miaka mingi, wengine hawahitaji bado. D humpata tu mwenye B. C, nayo hupita kwenye damu, haina chanjo lakini huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya sturungi, choo kikapauka na ubavu wa kulia ukauma, twende hospitali kwanza. Shubiri na mizizi ya kuchemsha tumeirithi kwa bibi zetu, lakini baadhi ya dawa za miti huliumiza ini lililokwisha kuumia.

Tulimjibu dada yetu haya yote, tukamsihi mumewe aisome barua pamoja naye. Wiki jana ametuandikia tena. Mume amepimwa, hana virusi, na ameanza chanjo. Mama mzazi alipimwa huko Mombasa, akakutwa navyo; kadhalika kaka yake mkubwa. Dada mwenyewe anatarajia kujifungua mwezi ujao. Aliyekwenda kuuliza kama chanjo ya mtoto ipo tayari ni yule mavyaa.