Kinanda Nzee, Lapi Moja, na Waya ya Kushikanisha

Wasee mob wakiskia MIDI wanadhani ni aina ya sauti. Zii. Hiyo waya haibebi sauti hata kidogo. Ukibonda noti, kitu inaingia kwa lapi ni ujumbe tu: noti gani, umeigonga na nguvu gani, na ukiitoa kidole, ujumbe ingine ya kusema umeachilia. Noti zinahesabiwa kutoka 0 hadi 127. C ya katikati ni 60. Nguvu ya kidole nayo inaishia 127, so ukiigusa mos mos lapi inasoma kitu kama 35, ukiibonda kwa hasira inapanda 110. Piano, besi, tarumbeta, zote zinatengenezwa ndani ya programu.

Shika hiyo poa, ju ndo sababu nawasisitizia mabeshte wangu wote wanaodai kuanza kuprodyusi kwa keja: usikimbie tao kununua kibodi mpya kabla ucheki kinanda iko karibu na wewe. Ile ya kanisa, ile ya anko imekaa juu ya kabati na vumbi. Speaker zake zinaeza kuwa zimekufa, sauti zake zinaeza kuwa za kitambo sana, na bado ikufanyie kazi fiti, ju wewe unataka noti zake tu. Na Nairobi hii maprodyuza wangapi walijulia vidole kwa kinanda ya kanisa? Wengi, buda. Mikono zao tayari zinajua hizo noti zimekaa wapi.

Igeuze ucheki nyuma. Kama kuna shimo ya USB ya mraba, ile unapata kwa printa, wewe umeomoka: waya ya printa inatosha. Kama ni shimo mbili za duara zenye vitundu vitano, zimeandikwa MIDI IN na MIDI OUT, basi shuka Luthuli Avenue hapo tao uulize waya ya MIDI ya kuingia USB. Hapo kwa kuchomeka ndo wasee hupotea. OUT ya kinanda inafaa kuingia IN ya upande ya lapi, ju ujumbe inatoka kwa kinanda ikienda kwa kompyuta. Sasa hizi waya za bei ya chini zinaandikwanga kila moja na stori yake. Ukibonda na lapi haioni kitu, badilisha hizo plagi mbili. Hakuna kitu itaungua.

Na hiyo shimo ya duara iheshimu, manze. Januari 1983, kwa maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, wasee walichukua kinanda ya Prophet-600 ya Sequential Circuits, kampuni ya Dave Smith, wakaishikanisha kwa waya ya MIDI na Jupiter-6 ya Roland kutoka Japani, kampuni ya Ikutaro Kakehashi. Hizo kampuni zilikuwa zinang'ang'ania wateja wale wale. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na njia yake ya kuunganisha mitambo, na ya huyu haikuwa inaongea na ya yule. Wakakubaliana lugha moja, wakaiachilia bure, mtu yeyote atumie bila kulipa. 2013 Smith na Kakehashi wakapewa Grammy ya ufundi. Hiyo roho ndo inafanya kinanda ya zamani iongee na lapi ya leo, na mimi nawashukuru hao wazee kila nikichomeka.

Chomeka kwanza, washa kinanda, alafu ndo ufungue programu. Kibodi ndogo za saa hii, Akai ama M-Audio, hazidai draiva, lapi inazijua yenyewe. Yamaha zingine za kitambo zinadai draiva ya Windows, unaitoa kwa saiti ya Yamaha wenyewe. Kwa FL Studio bonda F10, tafuta jina ya kibodi kwa listi ya Input, washa Enable. GarageBand ya Mac inaishikanga bila kuulizwa. Ukiskia kila noti mara mbili, ni kinanda inapiga sauti yake na lapi nayo inapiga yake. Shusha volyumu ya kinanda hadi sufuri, ama uzime kitu inaitwa Local.

Sasa ngori yenyewe ni kuchelewa. Unabonda, sauti inakuja nyuma ya kidole, mdundo unateleza, na baada ya dakika chache unaanza kuamini huna kipaji. Wasee wameuza vibodi vyao ju ya hii kitu, na inaniuma, ju kibodi haikuwa na makosa. Lapi inakusanya sauti kwa mafungu kabla iitoe, na hiyo fungu inaitwa bafa. Kwa sampo 44,100 kila sekunde, bafa ya 1024 inakuchelewesha karibu milisekunde 23. Shusha hadi 128 na unabaki na karibu 3, na hapo kidole na sikio vinaenda pamoja. Kwa Windows lazima uchague draiva ya ASIO kwanza. FL Studio inakuja na yake, na ASIO4ALL ni ya bure. Lapi ikianza kukwaruza, panda 256. Ukimaliza kurekodi na sasa unamiksi, rudisha juu vile unadai, haidhuru.

Na hizo earphone za Bluetooth chorea kabisa ukirekodi. Zinaongeza kuchelewa kwao, na hakuna bafa itakuokoa. Tafuta za waya. Na raha ya earphone ni hii: saa nane usiku kwa bedsita, jirani amelala upande ya pili ya ukuta, wewe unapiga besi ya kutingisha mtaa na yeye anaskia vidole tu zikigonga plastiki.

Ukisharekodi, noti zako zinakaa kwa skrini, unaeza kusongesha moja iliyokosea bila kurudia yote. Kuna batani ya kwantaizi inanyoosha kila noti kwa mstari. Mimi naitumia kwa kiki na snea. Makodi za piano naziacha vile mkono ulizipiga, ju wasee waliotoka kwa kinanda ya kanisa wanachelewesha noti kidogo kwa makusudi, na ukinyoosha hiyo umetoa utamu wote. Kama lazima, nyoosha nusu.

Fiti. Ukimaliza, toa hizo noti kama faili ya MIDI. Ngoma nzima inakuwanga kilobaiti chache tu, inapita kwa WhatsApp kama dokyumenti hata bando ikiwa imebaki makombo. Beshte yako wa Kisumu anaifungua kwa programu yake, anatoa piano yako, anaweka gitaa ya benga kwa noti zile zile, anakurudishia kabla chai ipoe.