Deni Lenye Uso na Deni la Simu: Hesabu za Kaya Mtaani Kuze

Mtaani Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, mwisho wa mwezi huanza tarehe 20. Kuanzia siku hiyo pesa taslimu hupungua madukani na kurasa za daftari hujaa: unga wa ngano kilo mbili, mafuta nusu lita, sukari, majani ya chai, tambi, tokeni za stima. Mwenye duka huandika jina, tarehe na kiasi. Hadai dhamana wala haongezi riba. Mshahara ukishaingia, mkopaji hupita kulipa kabla hajafika sokoni Marikiti, au hulipa nusu na kuomba iliyobaki isogee mbele.

Kwa vizazi vingi mikopo ya kaya za Mji wa Kale wa Mombasa ilikuwa hiyo. Siku hizi mteja yuleyule aliyeandikwa daftarini ana mikopo miwili au mitatu ndani ya simu, na ukimuuliza anadaiwa nini atakutajia duka kwanza. Ya simu huenda asiitaje kabisa. Hapo ndipo penye tatizo la kiuchumi la mtaa huu. Watu wa Kuze hawajawa wazembe wa kulipa. Bado wanaliogopa deni lenye mtu nyuma yake. Lakini sehemu kubwa ya madeni yao sasa haina mtu, na ile haya ya zamani iliyowafanya wajizuie haiamki mbele ya skrini.

Tuanze na duka, maana lina hesabu zake. Mwenye duka anayekopesha hununua mali kwa wauzaji wa jumla, na yeye pia mara nyingi hupewa muda wa siku kadhaa. Faida ya kilo moja ya sukari ni shilingi chache, kwa hiyo mteja mmoja akihama mtaa na deni la 6,000, faida ya magunia kadhaa imepotea. Kinga ya mwenye duka ni kujua watu. Anaijua nyumba, anamjua mama, anajua kijana gani ameajiriwa bandarini na nani anategemea pesa za dada yake aliyeko Jeddah au Muscat. Hakuna benki ya Nairobi iliyo na taarifa hizo.

Udhaifu wa daftari huonekana watu wote wanapokwama kwa pamoja. Mishahara ya kaunti ikichelewa, mitaa mizima huandikwa wiki ileile. Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya mwaka 2019, serikali ilipoelekeza makontena yasafirishwe kwa reli mpya hadi Nairobi. Malori yalisimama na mawakala wa forodha wakapunguza watu. Kila kazi iliyopotea ilikuwa na mwenye duka aliyesubiri pesa ambazo hazikuja. Wengine walifunga daftari, wakabandika ukutani kwamba mkopo hakuna.

Simu iliingia katika nafasi hiyo. M-Pesa ilianza mwaka 2007 kama njia ya kutuma pesa. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, iliyomwezesha mtu kukopa usiku wa manane akiwa kitandani, na Machi 2015 ikafuata KCB M-Pesa. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo hujazia pale salio lisipotosha. Kwa mfanyabiashara mdogo huu ulikuwa ukombozi wa kweli, na haifai kuubeza. Mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi hakuwahi kuwa na benki iliyomsikiliza. Simu ilimsikiliza bila kumuuliza hati.

Bei yake ndiyo haisemwi kwa sauti. M-Shwari ilipoanza ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa shilingi 2,000 alirudisha 2,150, na 150 haimtishi mtu. Lakini mkopo wa namna hii haukopwi mara moja, huzungushwa. Anayelipa leo na kukopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka atakuwa ametoa 1,800 kama ada ya kuzishika 2,000 zilezile. Ni asilimia 90. Hakuna mtu wa Mji wa Kale ambaye angekubali masharti hayo kama angewekewa na binadamu mwenzake barazani.

Fuliza ina ugumu wa aina nyingine. Inatoza ada ya mwanzo na ada ya kila siku, na ingawa ada hizo zilipunguzwa mwaka 2022, kinachoumiza zaidi ni namna inavyojilipa. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini hukatwa kwanza. Muuza mahamri aliyefuliza jana jioni kununua unga, asubuhi wateja wanamlipia kwenye namba yake na mauzo yanamezwa kabla hajayaona. Saa tano hana mtaji wa kesho, anafuliza tena. Ndiyo maana wengi wana laini ya pili: moja ya kudaiwa, moja ya kuuzia. Ni ujanja wa kujikinga, na unaeleza hali zao kuliko takwimu nyingi.

Hata takwimu hazipingani na hilo. Utafiti wa kitaifa wa FinAccess wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa asilimia 84.8 ya watu wazima nchini wanafikia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 26.7 mwaka 2006. Utafiti huohuo ulipopima nani ana afya ya kifedha, yaani anamudu matumizi ya kila siku, anaweza kuhimili dharura na anajiwekea akiba ya mbele, walipatikana asilimia 18.3 tu. Mlango umefunguliwa kwa karibu kila mtu, na wengi walioingia hawana wanachokikusanya humo ndani.

Kuze ni mtaa wa Waislamu kwa wingi wake, na suala la riba si la pembeni. Wapo watu hapa ambao maisha yao yote hawajawahi kuomba mkopo wa benki kwa kuogopa riba, na ambao hufuliza mara tatu kwa wiki. Hawadanganyi. Kwao riba ni kitu cha benki, chenye fomu, asilimia na mkataba. Makato ya simu wanayaona kama gharama ya kutuma pesa. Lakini ada inayoongezeka kila siku deni linapokaa ni bei ya pesa kwa muda, iwe imeandikwa kwa jina lolote. Jambo hili linastahili kuzungumzwa wazi misikitini na kwenye darsa za kina mama, kwa hesabu zilizo mezani, maana dini hiyohiyo ina maelekezo ya kina juu ya deni: aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na ile ya 280 inaagiza aliyekwama apewe muda. Daftari la duka linayatimiza hayo karibu yote. Simu inaandika, lakini shahidi haina na muda haitoi.

Soko la halali limejaribu kuziba pengo. Barclays ilitoa akaunti ya La Riba mwaka 2005. First Community Bank na Gulf African Bank zilipewa leseni mwaka 2007 na kufungua milango mwaka 2008. Hisa nyingi za First Community Bank zilinunuliwa mwaka 2023 na Premier Bank ya Somalia. Mwaka huo wa 2023 kampuni ya simu ya Safaricom na Gulf African Bank walianzisha Halal Pesa, mkopo mdogo wa simu uliojengwa juu ya murabaha, ambapo mkopeshaji hununua bidhaa na kuiuza kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Faida haikui deni likichelewa, na kwa mfanyabiashara mdogo tofauti hiyo ni kubwa.

Mikopo mikubwa ya benki hizo, ya kujenga, ya gari au ya mzigo wa kontena, imewafaa zaidi wenye mishahara na wafanyabiashara wa kati. Mtu wa Kuze hukwama kwenye dhamana. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi wala haiwekwi rehani. Nyingine ni za urithi wa watu kumi na wanane, wanne wako Uingereza na wawili hawasemezani. Ukitoka nje kidogo ya Mji wa Kale unakutana na ule utaratibu wa Mombasa wa nyumba bila ardhi, ambapo kuta ni za mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Familia inaweza kukaa kwenye jengo la thamani kubwa, ndani ya eneo lililotangazwa la hifadhi tangu 1990, isiweze kukopa hata pesa za kubadilisha boriti.

Mimi siilaumu tahadhari hiyo ya zamani ya kuiweka nyumba wakfu, kwa sababu pwani imeshapoteza ardhi kwa njia ya deni. Katika karne ya 19, kuanzia Oman hadi Unguja na Mombasa, watu wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa mkataba wa bei ya khiyari: unauza nyumba au shamba kwa kiasi fulani, unaendelea kukaa kwa kulipa kodi, na una haki ya kulikomboa ukirudisha pesa. Kisheria riba haikuwepo. Kodi ilifanya kazi yake. Wengi hawakukomboa. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908 ilipoipa ardhi karatasi zinazouzika, viwanja vingi kisiwani vilihamia mikononi mwa wengine. Unguja hali ilifika pabaya kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga amri ya kuzuia mashamba ya karafuu kuchukuliwa kwa madeni. Babu aliyeiweka nyumba wakfu alikuwa na sababu, na wajukuu waliomo ndani leo ni ushahidi kwamba alifaulu.

Akiba ya wanawake ilipita njia nyingine. Kuna mchezo, ambao wengine huuita chama: watu kumi au ishirini, kiasi kimoja kila wiki, na zamu ya kupokea. Hakuna riba na hakuna hati, lakini anayepokea mapema akaacha kuchanga hatapata pa kuuficha uso wake, harusini wala matangani. Kuna pia dhahabu. Bangili za mahari huwekwa kwa mtu anayeaminika au huuzwa kwa sonara pesa ya karo ikikosekana. Sonara hununua kwa uzito, ufundi haulipwi. Pamoja na hasara hiyo, waliong'ang'ania dhahabu yao miaka ya karibuni wameona faida: Machi 2025 bei ya dunia ilipita dola 3,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, na Oktoba ikapita 4,000. Akaunti ya akiba ya kawaida haikukaribia huko.

Upande wa matumizi, yanayoivunja kaya si makubwa yasiyotarajiwa peke yake. Ramadhani inajulikana tarehe yake mwaka mzima kabla, na bado hukopewa. Harusi za Agosti, ndugu wa Ghuba na Ulaya wanapokuja, zina ukumbi, kupamba, biriani na sare za familia, na wazee waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa wameshaona mengi. Mshahara wenyewe umepungua kabla haujafika nyumbani: tozo ya nyumba asilimia 1.5, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, na michango ya NSSF inayopanda tangu 2023. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yasipite theluthi mbili ya mshahara. Makarani wengi wa kaunti wanaishi kwenye theluthi ile iliyobaki.

Serikali nayo imeshughulika. Kanuni za mwaka 2022 ziliwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu, na kufikia 2025 wenye leseni walikuwa wamepita 100. Ile tabia ya kumpigia simu shangazi au bosi wa mdaiwa imepigwa marufuku, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3. Mfuko wa serikali wa Hustler, uliozinduliwa 30 Novemba 2022, ulileta bei nafuu kweli: asilimia 8 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa siku 14 hutozwa kama shilingi sita. Lakini muda wa siku 14 haumtoshi mtu anayenunua mzigo wa nguo za Idi, na wakopaji wengi wa awamu za mwanzo hawajarudisha. Waliuona kama pesa za siasa, deni la mkopeshaji asiye na uso hata kidogo.

Kwa kaya ya Kuze hatua ya kwanza ni kuandika madeni yote kwenye ukurasa mmoja, la simu likitangulia, na kuzijumlisha ada zake za miezi 12. Kwa benki za halali, kuna biashara hapa isiyohitaji hati ya nyumba. Kikundi cha mchezo kilichochanga miaka mitano bila kukosa zamu kina rekodi ya ulipaji. Mwenye duka ana nyingine, iliyoandikwa kwa mkono, tarehe kwa tarehe. Murabaha wa unga, sukari, mafuta na tende, unaotolewa kwa kikundi katika mwezi wa Rajabu na kulipwa kwa miezi mitatu au minne baada ya Idi, ungemwondoa muuza mahamri kwenye makato ya kila siku na kuipa benki mteja ambaye mtaa mzima unamjua. Anayeujua ulipaji huo ni mwenye duka, na bado hakuna afisa wa mikopo aliyeketi naye kulifungua daftari lile.