Wakuu wanne kwa miaka miwili: hesabu ya uongozi wa Kagera

Mei 2021, Marco Gaguti alihamishwa kutoka Kagera kwenda Mtwara. Akaja Meja Jenerali Charles Mbuge, akakaa miezi 14. Julai 2022 akafuata Albert Chalamila, naye hakufikisha miezi 10. Mei 2023 kiti kikachukuliwa na Fatma Mwassa. Ndani ya miaka miwili, Kagera ilikuwa imepita mikononi mwa wakuu wa mkoa wanne. Diwani wa Kanazi, wilayani Ngara, huchaguliwa kwa miaka mitano. Muhula wake mmoja ulitosha kushuhudia sura zote nne.

Mabadiliko haya yana gharama, na kwa kiasi kikubwa wananchi huilipa kwa muda wao.

Safari ya mteule

Tumtazame Chalamila. Alikuwa mwenyekiti wa CCM mkoa wa Iringa kabla ya Rais John Magufuli kumteua mkuu wa mkoa wa Mbeya mwaka 2018. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimhamishia Mwanza. Juni 11 akatenguliwa, mwezi mmoja haujaisha. Alikaa nje zaidi ya mwaka, akarudishwa kupitia Kagera, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Mikoa minne kwa takribani miaka mitano, na hakuna hata mmoja ambao wakazi wake walimpigia kura. Hivyo ndivyo Katiba inavyotaka: Ibara ya 61 inampa Rais uteuzi wa wakuu wa mikoa, ambao kwa Tanzania Bara ni 26.

Mzigo wa kiti

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilimkuta Chalamila hajamaliza mwezi Kagera. Ilihesabu watu 2,989,299 mkoani, karibu asilimia 5 ya Watanzania wote 61,741,120. Watu hao wamegawanyika katika wilaya saba na halmashauri nane, katika mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi.

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, 19 walifariki. Machi 2023 ukatangazwa mkoani mlipuko wa ugonjwa wa Marburg: wagonjwa tisa, vifo sita. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2, 2023, mkuu wa mkoa alikuwa mwingine.

Ngara inaujua uzito wa kiti hiki tangu Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Siku kama ile, mkuu wa mkoa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, hapaswi kuwa mtu anayejifunza majina ya tarafa.

Fedha na kalenda

Sehemu ya mkopo wa Serikali wa Shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 ilijenga madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa Shilingi milioni 20. Wakuu wa mikoa waliagizwa kuyasimamia. Kwa kipimo cha Kanazi, darasa moja ni sawa na posho ya Shilingi 100,000 ya mtendaji wa kata kwa miezi 200, yaani zaidi ya miaka 16. Fedha nzito kiasi hicho inahitaji msimamizi anayekumbuka nani aliahidi nini.

Nikeli ya Kabanga, humo humo Ngara, inahitaji kumbukumbu ndefu zaidi. Mkataba unaoipa Serikali hisa za asilimia 16 ulisainiwa Januari 2021, Gaguti akiwa Bukoba. Leseni ya uchimbaji ilitoka Oktoba 2021, wakati wa Mbuge. Kaya zinazopisha mgodi zilibaki na madai yaleyale ya fidia huku ofisi ya mkoa ikibadilisha mwenyewe.

Kwa wengine

Nchini Ufilipino gavana wa jimbo huchaguliwa kwa miaka mitatu, na hawezi kuzidisha mihula mitatu mfululizo. Kenya ina magavana 47 wa kuchaguliwa tangu 2013, kila mmoja kwa miaka mitano, na kaunti ziligawiwa Shilingi bilioni 370 za Kenya mwaka 2022/23. Kura haizuii ubadhirifu, na nchi zote mbili zimeuonja. Lakini inampa mwananchi tarehe ya kumhoji kiongozi wake.

Kagera haina tarehe hiyo, na kuipata kunahitaji kubadili Katiba. Lipo linalowezekana sasa. Mkuu wa mkoa anapoondoka, taarifa ya makabidhiano isomwe hadharani katika Kamati ya Ushauri ya Mkoa: kila mradi, fedha iliyopokelewa, iliyotumika, ahadi iliyobaki na ofisa anayeishikilia. Nakala ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata, Kanazi ikiwamo. Rais aendelee kuteua kama Katiba inavyosema, ila deni la mkoa kwa wananchi liandikwe jina na kiasi, ili mteule wa tano alikute mezani siku anayoapishwa.