Mtoto Huyu Si Mzembe

Yuko mtoto ambaye akiulizwa hesabu kwa mdomo hujibu kabla mwalimu hajamaliza swali. Akipewa kalamu, herufi humkanganya, 'b' ikageuka 'd'. Shuleni huitwa mzembe, nyumbani mtukutu, hata mwenyewe akaamini kuwa ni mjinga na kuyachukia masomo.

Hali hii huitwa disleksia, nayo si upungufu wa akili. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, lakini kejeli ingali inachapa.

Mwalimu na amsomee swali kwa sauti, amwongezee muda na kumfundisha sauti za herufi hatua kwa hatua. Mzazi naye asimlinganishe na nduguze. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walinena; lakini kumkunja si kumvunja.