Saa za Mwanzo Zina Uzito kwa Majeruhi wa Uti wa Mgongo

Mchimbaji aliyetumbukia kwenye duara la dhahabu mkoani Geita, au abiria aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki katika Kata ya Samuye, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, anaweza kuumia uti wa mgongo mara mbili. Mara ya kwanza ni pale mfupa unapovunjika na kubana ugwe mgongo, yaani shada la neva linalounganisha ubongo na mwili. Mara ya pili huja taratibu, katika saa na siku zinazofuata, ambapo uvimbe na upungufu wa damu huua seli zilizosalimika.

Madhara hayo ya pili ndiyo yanayolengwa na utafiti unaoendelea duniani kuhusu vifuko vidogo vinavyotolewa na seli. Vingi vina kipenyo cha nanomita 30 hadi 150, hivyo havionekani kwa hadubini ya kawaida. Vifuko hivyo hubeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, zikiwemo maikroRNA, ambazo ni vipande vifupi vya takriban herufi 22 za kijenetiki vinavyodhibiti utendaji wa jeni. Ugunduzi wa maikroRNA uliwapatia wanasayansi wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2024.

Katika majaribio ya panya, vifuko vilivyotokana na seli shina za uboho vimepunguza uvimbe na kusaidia miguu ya nyuma kujongea tena. Watafiti wanachunguza pia iwapo maikroRNA zilizomo kwenye damu zinaweza kuonesha ukubwa wa jeraha.

Hata hivyo, mafanikio kwa panya bado si tiba kwa binadamu. Familia inayoahidiwa uponyaji kwa "dawa ya seli" inapaswa kupata ushauri wa daktari bingwa kabla ya kuuza ng'ombe au shamba.

Kinachowezekana leo ni kuzuia jeraha lisiongezeke. Majeruhi asiinuliwe kwa mikono na miguu, asikalishwe, wala asipakiwe kwenye pikipiki. Kichwa, shingo na kiwiliwili vishikiliwe katika mstari mmoja, kisha alazwe juu ya ubao na kuwahishwa hospitali, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Kwa uokoaji, wananchi wapige simu ya dharura namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.