Rin Tin Tin, Mbwa Aliyeng'ara Bila Kubweka

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari za mbwa aliyezaliwa vitani akaja kuvuma duniani.

Septemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikikaribia kwisha, askari wa Marekani aitwaye Lee Duncan alifika katika kijiji cha Flirey, Ufaransa. Akakuta banda la mbwa lililobomolewa kwa mabomu. Ndani mlikuwa na mbwa jike na watoto wake watano, wachanga hata macho hawajafungua. Duncan akawaokoa wote. Wawili akabaki nao, akawaita Rin Tin Tin na Nanette, majina ya vidoli vya nyuzi ambavyo askari walipewa na Wafaransa viwaletee bahati. Duncan mwenyewe aliwahi kuishi katika kituo cha yatima utotoni. Huenda ndiyo sababu hakuweza kuwapa mgongo.

Vita vilipokwisha akavuka nao bahari. Nanette, masikini, alikufa kwa homa ya mapafu. Rin Tin Tin akafika California, akakua, akawa na nguvu. Mwaka 1922, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Los Angeles, aliruka kizuizi cha karibu futi 12! Kuna mtu alimnasa kwa kamera akiruka, na tangu hapo Duncan akawa na wazo moja tu kichwani: sinema.

Mwaka uliofuata kampuni ya Warner Bros. ikampa nafasi kubwa katika filamu ya Where the North Begins. Watu wakafurika kumtazama. Katika Clash of the Wolves ya mwaka 1925, anachechemea kwa mwiba uliomchoma mguuni, uso umejaa maumivu hadi unamwonea huruma. Halafu filamu hiyohiyo inakuchekesha: anavalishwa ndevu za bandia ili maadui wasimtambue!

Mtauliza, mbwa alijuaje la kufanya? Filamu za wakati ule hazikuwa na sauti. Basi Duncan alisimama pembeni ya kamera akimwelekeza kwa maneno na ishara: lala, ruka, geuka! Watazamaji hawakusikia kitu. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na mazoezi ya kila siku, baina ya watu wawili waliozoeana, mmoja wao ana mkia.

Filamu zenye sauti zilipoingia, mambo yakageuka. Studio zikataka waigizaji wa kuongea, na mwaka 1929 Warner Bros. ikaachana naye. Alifariki Agosti 1932, lakini jina halikufa. Wazao wake walirithi kazi, na miaka ya 1950 watoto wa Marekani walimfuatilia Rin Tin Tin mwingine kwenye televisheni. Huko Hollywood nako jina lake limeandikwa kwenye nyota katika Njia ya Watu Mashuhuri.

Kwa hiyo siku mkimwona mnyama akifanya maajabu kwenye filamu, msimsifu yeye peke yake. Mkumbukeni na yule asiyeonekana, aliyemfundisha kwa subira.